Gunia Moja kwa Mwaka: Maharagwe, Ndengu na Mshahara Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa reli, Milimani, Kisumu)



Halmashauri imetutaka tuseme leo juu ya vyakula vya jamii ya kunde. Tumesikia huko nyuma ndugu wengine wakinong'ona kwamba chama kimeishiwa na maneno, sasa chazungumza habari za maharagwe. Hatukasiriki. Lakini twauliza: kazi ya chama ni nini? Ni kuutazama mshahara siku unapoingia mfukoni, na pia kuutazama siku unapotoka. Tukikaa na waajiri mwezi baada ya mwezi tukapata nyongeza, kisha nyongeza ile ikaliwa yote na sufuria kabla ya tarehe kumi na tano, tumemfaidia nani?

Tazameni wenyewe chakula chetu cha mchana. Fundi wa karakana, mtu wa genge la njia anayeinua mataruma juani, gadi, karani wa mizigo, wote hukutana kwa mama mmoja mwenye sufuria mbili, na katika mojawapo mna maharagwe. Vijana siku hizi wayaita madondo, nao huyala na chapati. Nyama twaila siku ya mshahara, na samaki wa ziwa letu hili, ambaye wazee wetu walimwona kama chakula cha kila mtu, sasa wengi twamtazama tu akipita kwenda kwenye hoteli. Basi nguvu ya kuinua taruma yatoka wapi? Yatoka katika maharagwe, kunde na ndengu. Katika gramu 100 za maharagwe makavu mna gramu ishirini na zaidi za protini, yaani chakula cha kujenga mwili, na katika mahindi hazifiki nusu ya hizo. Tena vyakula hivi viwili vyasaidiana: kile ambacho mahindi hayana cha kutosha kimo ndani ya maharagwe, na kile kilichopungua katika maharagwe kimo katika mahindi. Bibi zetu waliopika nyoyo hawakusomea jambo hilo, lakini walikuwa wamelijua.

Kabla ya kuendelea inafaa tupatane juu ya majina, maana hapa ndipo watu hugombana bure. Tunaposema jamii ya kunde twamaanisha mimea yenye maganda ambayo punje zake huvunwa zikiwa kavu: maharagwe, kunde zenyewe, ndengu za kijani ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita choroko, mbaazi, njahi, na njugu mawe. Mtanzania akisema dengu, ana maana ya punje nyingine, ile kubwa yenye ncha ambayo Wahindi huisaga unga. Karanga na soya wataalamu wa Umoja wa Mataifa hawazihesabu hapa, kwa kuwa hutazamwa kama mazao ya mafuta. Umoja huo uliufanya mwaka 2016 kuwa mwaka wa vyakula hivi ulimwenguni, na tangu 2019 tarehe 10 Februari ni siku yake kila mwaka. (Hatujasikia bado mwajiri aliyetoa likizo siku hiyo.)

Tena si vyote vilivyo vya kwetu tangu mwanzo. Kunde ni mmea wa Afrika, na njugu mawe vilevile. Ndengu na mbaazi zilitoka India. Maharagwe tunayoyadhani kuwa ya wazee wetu yalitoka Amerika, na yaliletwa pwani na Wareno. Twalitaja jambo hili kwa sababu moja tu: mmea uliotoka mbali una nchi yake unayoipenda, na ukiulazimisha mahali usipopapenda utakunyima. Tutalirudia hilo.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa tani na kilomita. Tuchukue nyumba ya watu sita, ipikayo maharagwe siku nne kwa juma, nusu kilo kila siku. Hiyo ni kilo mbili kwa juma, yaani gorogoro moja ikiwa gorogoro ni ya haki. Mwaka una majuma 52. Basi nyumba hiyo yahitaji kilo 104 kwa mwaka, gunia moja la kilo 90 na kidogo juu yake. Gunia moja! Si behewa zima. Na shamba lataka kuwa kubwa kiasi gani kutoa gunia hilo? Katika Kenya, maharagwe hupandwa kwenye hekta kama milioni moja, na mavuno ya wakulima wadogo ni nusu tani na kidogo tu kwa hekta. Hayo ni magunia mawili au matatu kwa ekari, mavuno haba sana, maana mahali pa majaribio mbegu zizo hizo hutoa mara mbili au tatu ya hayo. Lakini hata kwa mavuno haya haba, nusu ekari yatosha kuilisha nyumba ya watu sita.

Wangapi kati yetu wana nusu ekari huko nyumbani, Seme, Nyakach, Kano, Alego, Karachuonyo, au juu kule Maragoli? Inueni mikono. Mwaona. Karibu wote. Na wangapi walinunua maharagwe sokoni mwezi uliopita? Ni mikono ile ile.

Ndilo jambo tulilolijia. Twalima na twanunua, na maharagwe tununuayo mengi hayakulimwa na Mkenya. Nendeni Kibuye siku ya soko mkawaulize wenye magunia. Watawaambia: haya yalipita Busia kutoka Uganda, haya yalipita Isebania kutoka Tanzania. Hatuwachukii wakulima wa Uganda na Tanzania. Ni wafanyakazi kama sisi, na biashara ya jirani ni jambo jema. Lakini sufuria inayotegemea mpaka si sufuria ya kuaminika. Machi 2021 serikali ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu. Zuio lile liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti, lakini siku hizo chache malori yalisimama mpakani. Safari ile yalikuwa mahindi.

Wako wasemao dawa ni kulima kwa ajili ya nchi za nje, kwamba huko ndiko kwenye fedha. Basi sikilizeni habari ya mbaazi. Wakulima wengi wa Tanzania na Msumbiji, na wa kwetu Kenya pia, walipanda mbaazi kwa sababu India ilizinunua kwa bei nzuri. Agosti 2017 serikali ya India, ilipoona wakulima wake wenyewe wamevuna sana, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi ziingiazo. Bei huku Afrika ya Mashariki ikaporomoka, na watu wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi, ya chakula ambacho wengi wao hawakuwa na desturi ya kukila sana. Hatusemi biashara ya nje ni mbaya. Reli hii tunayoifanyia kazi ilijengwa hata ikafika hapa Kisumu mwaka 1901 kwa ajili ya biashara ya nje. Twasema tu kwamba mtu aanze na chungu chake, kisha auze kinachobaki.

Sasa, kwa nini nusu ekari zetu hazitupi gunia letu? Sababu ziko nyingi, lakini tutataja mbili tunazozijua vizuri, maana tumezaliwa ndani yake.

Ya kwanza ni kupanda kwa mazoea. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na jua lake mwalijua. Maharagwe hupenda ubaridi kidogo. Joto likizidi, maua huanguka kabla ya kufanya maganda, na maji yakisimama shambani, mizizi huoza. Mtu wa Vihiga au Kisii ana haki ya kupanda maharagwe. Lakini mtu wa Kano, mwenye udongo mweusi unaoshika maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, akipanda maharagwe kwa sababu tu jirani yake amepanda, atavuna majani ya manjano. Na hata huko juu maharagwe yamepata taabu. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kuoza mizizi uliwapata wakulima wa Kakamega na Vihiga vibaya sana, hata wengine wakaacha kuyapanda. Ndipo watafiti wa Kakamega wakaleta mbegu zinazovumilia ugonjwa huo, kama KK8 na KK15. Ile KK15 ni nyeusi, na kwa sababu ya weusi wake watu waliikataa kwanza. Tumbo halitazami rangi, ndugu zetu.

Ukanda wa chini wa ziwa ni nchi ya kunde na ndengu. Kunde huanza kukupa mboga ya majani baada ya majuma matatu au manne, kisha hukupa punje. Mbegu iitwayo M66 yafaa kwa mambo yote mawili. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili na kidogo, kwa hiyo hata mvua za vuli zikiwa fupi huzitosha. Mbegu ya N26 yajulikana sana. Zote mbili huvumilia joto na ukame kuliko maharagwe. Lakini nazo hazitaki kusimama majini, na sisi tumeona mwaka 2020 ziwa likipanda na mito ikimwagika hata watu wakahama nyumba zao. Mwenye shamba la bondeni na apande juu ya matuta, au angoje mvua za vuli. Sentimita 45 kati ya mistari, na 15 kati ya shimo na shimo, zatosha kwa ndengu. Kutupa mbegu ovyo ni kuwalisha ndege.

Tena kuna jambo la ng'ambo ya ziwa ambalo sisi hatulifanyi. Wakulima wa Mwanza na Shinyanga wana udongo mweusi wa mbuga, ndugu wa udongo wetu wa Kano. Wao, mvua zikielekea kwisha, hupanda zile dengu za Wahindi katika unyevu uliobaki ardhini, na dengu hukua kwa maji hayo hayo. Mashamba yetu wakati huo yamelala, yanalisha mbuzi. Sisi twaona jambo hilo lastahili kujaribiwa kwa mistari michache, wala halihitaji mkopo.

Na mwenye kung'oa mche wa kunde atazame mizizi. Ataona vinundu vidogo. Si ugonjwa. Ndani yake mna viini vinavyoichukua naitrojeni iliyo hewani na kuulisha mmea, na mabaki yakibaki ardhini zao lifuatalo hupata faida. Ukipasua kinundu ukakikuta chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi. Mbolea ya dukani yauzwa kwa bei tunayoijua wote, nayo ile ya hewani haina bei. Isitoshe, kayongo, gugu lile lenye maua ya zambarau linyonyalo mizizi ya mahindi na mtama, haliwezi kuishi juu ya kunde wala maharagwe. Huko Mbita, kituo cha utafiti wa wadudu kimewafundisha wakulima tangu miaka ya 1990 kupanda desmodiamu, ambayo ni ndugu wa kunde na ni chakula cha ng'ombe, katikati ya mahindi, na kayongo hupungua sana. Mwenye kupanda mahindi juu ya mahindi miaka kumi mfululizo asimsingizie jirani kuwa amemroga.

Sababu ya pili ni ngumu kuisema mbele ya watu, lakini tutaisema. Wengi wetu twakaa kazini na mama watoto akaa shambani. Yeye ndiye apandaye, apaliliaye na kuvuna. Mwezi wa Julai avuna maharagwe au kunde, magunia mawili. Wakati huo huo karo yadaiwa, mtoto anaumwa, na fedha kutoka kwetu hazijafika, kwa kuwa mwajiri amechelewesha mshahara au kwa kuwa sisi wenyewe tulipitia mahali njiani. Afanye nini? Auza gunia moja na nusu kwa mchuuzi aliyekuja na lori, kwa bei ya Julai, bei ya chini kuliko zote. Mwezi wa Machi au Aprili, wakati wa kupanda, nyumba haina kitu. Twanunua sokoni, gorogoro moja moja, huenda ni maharagwe yale yale yaliyotoka uani kwetu. Tuseme gorogoro imepanda kwa shilingi 80 tu tangu mavuno. Kwa majuma 26 hiyo ni shilingi 2,080 tulizomlipa mchuuzi ili atuwekee chakula chetu ghalani mwake. Halafu hupatikana bwana wa kumgombeza mkewe kwamba "ameuza chakula." Hakuuza yeye. Kilichouza ni ule mshahara uliochelewa. Ndiyo sababu chama kinaposema mishahara ilipwe tarehe yake, hakisemi hivyo kwa ajili ya heshima tu. Kinasema kwa ajili ya gunia la Julai.

Mwingine huuza mapema kwa hofu ya fukusi, na hofu hiyo ni ya kweli. Fukusi wa maharagwe huanza kazi shambani, hutaga mayai katika maganda yaliyokauka, kwa hiyo kuchelewa kuvuna ni kumkaribisha. Ndani ya gunia mtoto wake hujichimbia katika punje, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi hutoka mkubwa, tayari kutaga tena. Anzeni na kukausha. Mwataka kujua kama yamekauka? Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni maharagwe hadi theluthi yake na vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyo kavu kabisa. Tikiseni dakika moja, kisha acheni itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, maharagwe yana maji bado, rudisheni juani. Chumvi ikianguka chini yote, wekeni ghalani.

Kisha mwadui huyu huhitaji pumzi kama sisi. Ukiyafunga maharagwe makavu katika chombo kisichopitisha hewa, kimejaa hadi juu, fukusi wataimaliza hewa iliyomo na kufa. Pipa la plastiki lenye kifuniko kizuri lafaa. Iko pia mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki nene ndani na mmoja wa kusukwa nje, kila mmoja hufungwa peke yake. Njia hiyo ilianza kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980. Msifungue majuma ya kwanza kwa hamu ya kuchungulia. Asiye na uwezo wa mfuko atumie majivu makavu yaliyochekechwa, mengi ya kutosha kujaza nafasi kati ya punje. Vile vidonge vya kufukiza vinavyouzwa vichochoroni, tafadhali, visiingie katika nyumba ya chumba kimoja ambamo watoto wanalala. Vinaua watu, na vimekwisha kuua.

Juu ya kupika tutasema kidogo tu, maana walio jikoni watatucheka. Yaloweke usiku, yamwage maji, yapike. Makaa yatapungua sana. Maharagwe yaliyokaa zaidi ya mwaka mahali pa joto huwa magumu, hata yakipikwa asubuhi hadi jioni, kwa hiyo mchuuzi akikupa bei rahisi kupita kiasi, jiulize umri wake.

Sasa twafika kwenye shauri lenyewe, ambalo halmashauri imelikubali na leo twalileta kwenu. Kila anayependa ataweka fedha kidogo kidogo kwa mweka hazina tangu mwezi huu hadi mavuno ya Julai. Mwezi huo watu wanne waliochaguliwa na mkutano, wawili wao wanawake, watakwenda kununua kwa wakulima wenyewe, kwanza kwa familia za wanachama zenye ziada, kisha kwa wengine. Kipimo kitakuwa mizani. Gorogoro hatutaitumia, kwa kuwa twazijua gorogoro zilizopigwa kitako kikaingia ndani. Kabla ya gunia kukubaliwa litapimwa kwa chupa na chumvi mbele ya mwenyewe. Bei itakayolipwa itabandikwa ukutani, na mkulima asipunjwe: si nia ya chama cha wafanyakazi kuwa mchuuzi mwingine wa lori. Mwanachama ambaye mkewe yuko karibu kuuza kwa sababu ya karo aseme mapema, fedha zilizowekwa zitamfikia kwanza yeye, na gunia libaki kwake, alilipe polepole.

Mmoja ameuliza kama wafanyakazi wa muda nao wamo. Wamo. Mwingine ameuliza itakuwaje mtu akihamishwa kwenda Nakuru au Mombasa kabla ya Julai. Atarudishiwa fedha zake zote kwa hati.

Daftari liko mezani kwa Katibu. Kila mtu aandike jina, idadi ya watu wanaokula nyumbani mwake, na kama ataka maharagwe, kunde au ndengu. Walio zamu ya usiku waandikiwe na wenzao kabla ya Ijumaa. Na ndugu wa Kano watakaojaribu dengu katika udongo mweusi wabaki dakika chache mkutano ukiisha, tupatane nani atavuka kwenda Mwanza kutuletea mbegu.